Pepo, maji na saa: maneno ya pwani katika mpango wa safari fupi ya Unguja

Utangulizi

Mwenye miezi mitatu ya kusafiri aweza kukosea wiki nzima asipate hasara kubwa. Mwenye siku sita hawezi. Akifika mvua za masika zimekwisha kuanza, likizo yake itamalizika kabla ya mawingu kufunguka. Akikosea saa ya chombo, sehemu ya sita ya safari imepotea gatini. Kwa hiyo safari fupi yadai mpango zaidi kuliko safari ndefu, ingawa watu wengi hudhani kinyume chake.

Jambo hilo lawahusu hasa wasemaji wa Kiswahili wa Kongo. Mwalimu wa Lubumbashi, mfanyabiashara wa Kalemie au mtumishi wa Bukavu aliyeweka akiba mwaka mzima ili aione bahari pamoja na jamaa yake, mara nyingi huelekeza macho Unguja kwa sababu ya lugha. Huona kwamba, maadamu Kiswahili ni kimoja, nusu ya safari imekwisha kupangwa. Maoni hayo yana ukweli ndani yake, lakini yana mtego pia. Msamiati wa Kiswahili cha pwani ni kalenda kamili ya pepo, mvua, maji na saa. Maneno kadhaa ya kalenda hiyo Mkongo anayo kinywani tangu shule ya msingi. Ila yalipopanda bara pamoja na misafara ya karne ya kumi na tisa, sehemu ya maana yake ilibaki ufukoni. Makala haya yanakusudia kuzirudisha maana hizo mahali pake, na kuonyesha jinsi zinavyomsaidia msafiri wa siku chache.

1. Safari, likizo na utalii

Inafaa kuanza na majina ya jambo lenyewe. Katika miji ya Katanga siku za mapumziko ya kazi huitwa «kongé», neno lililotoka katika Kifaransa. Unguja na Tanzania bara husemwa «likizo». Neno «safari» lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili limepata maana ya pili ya «mara» au «zamu»: mtu husema «safari hii nimefaulu» bila kutoka nyumbani kwake.

Neno «kutalii» ndilo lenye mafunzo zaidi. Nalo ni la asili ya Kiarabu, na shina lake ni lile lile la neno «mtalaa», yaani kusoma na kujifunza kwa makini. Kwa asili ya neno, basi, mtalii ni mtu asomaye mahali. Wala hakuna asomaye vizuri asiyejua herufi. Herufi za pwani ni pepo na maji.

2. Pepo mbili na majira manne

Kila mwanafunzi wa Kongo anayajua majimbo ya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Ni wachache wanaotambua kwamba majimbo hayo, yaliyo mbali na Bahari ya Hindi kwa zaidi ya kilomita elfu moja, yanaitwa kwa majina ya pepo za baharini. «Kaskazi» ni upepo. «Kusi» ni upepo. Kiambishi «-ni» kinapoongezwa mwishoni, kama katika «nyumbani» na «mtoni», jina la upepo huwa jina la mahali: kaskazini ni upande utokako kaskazi, na kusini ni upande utokako kusi. Bara limehifadhi mahali na kuusahau upepo.

Pwani upepo haujasahauliwa, kwa kuwa mwaka mzima hugawanywa nao. Kaskazi huvuma takriban kutoka Desemba hadi Machi, nayo ni yenye joto. Ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi kwa muda wa karne nyingi. Kusi huvuma takriban kutoka Aprili hadi Septemba au Oktoba, nayo iliyarudisha majahazi hayo kwao. Kati ya pepo hizo mbili, zinapopokezana zamu, ndipo mvua zinyeshapo.

Majira hutajwa kwa majina manne. Masika ni mvua kubwa, kuanzia Machi hadi Mei, na Aprili ndio mwezi wake mzito. Kipupwe ni wakati wa baridi ya wastani, Juni hadi Agosti. Vuli ni mvua ndogo, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba. Mara nyingi hunyesha kwa saa chache kisha jua hurudi. Kiangazi ni wakati wa joto kali na ukavu, Januari na Februari hasa.

Neno hilo la mwisho linastahili kuangaliwa. Katika mashariki ya Kongo «kiangazi» hutumika kwa majira ya ukavu kwa jumla. Na Katanga ya Juu majira ya ukavu huanza takriban Mei na kuishia Septemba, tena Juni na Julai ndiyo miezi yenye usiku wa baridi kuliko yote. Mtu wa Lubumbashi akiambiwa na mwenyeji wa Unguja, «Njoo kiangazi, bahari ni shwari», aweza kufunga mizigo mwezi wa Julai, hali mwenyeji alikusudia Januari. Wote wawili wamesema Kiswahili safi, nao hawakuelewana.

Kwa kuwa msafiri wa Kongo mwenye watoto hufungwa na kalenda ya shule, yafaa likizo tatu za mwaka zipimwe kwa majira hayo. Likizo ya Pasaka huangukia masika: bei za nyumba za wageni hushuka, lakini siku sita zaweza kupita bila jua, na hoteli kadhaa hufungwa kabisa. Likizo ya Noeli huangukia mwisho wa vuli na mwanzo wa kaskazi: hali ya hewa ni nzuri kwa kawaida, lakini wageni ni wengi na bei hupanda. Likizo kubwa ya Julai na Agosti huangukia kipupwe na kusi: mvua ni chache na joto halichoshi, ingawa wageni kutoka Ulaya nao huwa wengi na upepo huupiga upande wa mashariki wa kisiwa. Kwa mwenye jamaa, likizo hiyo kubwa ndiyo inayofaa zaidi.

Mwezi wa Julai una faida nyingine. Huko Makunduchi, kusini ya Unguja, huadhimishwa Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi uitwao pia Nairuzi. Siku hiyo wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa migomba ili kumaliza magomvi ya mwaka uliopita, na kibanda cha makuti hutiwa moto. Mwaka huo wa jadi, uliotumiwa na mabaharia na wakulima, ulihesabiwa kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi. Kwa hesabu hiyo ya wazee, safari ya siku sita haitimizi hata mwongo mmoja.

3. Kupwa na kujaa

Mtu wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Kivu ameyazoea maji makubwa, hata hivyo maji hayo hayaondoki. Bahari huondoka. Neno «pwani» lenyewe lasimulia habari hiyo: limetokana na kitenzi «kupwa», maji kurudi nyuma, pamoja na kiambishi kile kile «-ni». Pwani ni mahali maji yapwapo. Anayetafsiri neno hilo kwa «ukingo wa maji» tu amepoteza nusu ya maana, na nusu hiyo ndiyo impasayo msafiri.

Katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kwa sababu ya dakika hizo 50, saa za maji husogea kila siku. Kiasi cha maji nacho hufuata mwezi wa angani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita tatu hadi nne. Mwezi unapokuwa nusu, huwa maji mafu: tofauti ni ndogo.

Katika fukwe za mashariki, kama Paje, Bwejuu na Jambiani, sakafu ya bahari ni tambarare hadi kwenye mwamba wa matumbawe ulio mbali. Wakati wa bamvua maji hutoweka kabisa machoni. Mgeni aliyetoka mbali ili aogelee hukuta uwanja mpana wa mchanga na vidimbwi. Wengi huudhika na kudhani wamedanganywa. Wenyeji kwa upande wao huona wakati huo kuwa saa ya kazi: wanawake huenda kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanzishwa kwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengine huokota chaza na kutafuta pweza. Huko Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali kiasi hicho, na kuogelea kwawezekana karibu saa zote.

Kuna kanuni inayoweza kushikwa kwa kichwa. Katika siku za bamvua, maji ya Unguja hujaa takriban saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa takriban saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huongezwa dakika 50. Baada ya wiki moja hali imegeuka: maji hujaa saa nne na kupwa saa kumi. Kwa hiyo anayejua tarehe ya mwezi mpevu, jambo ambalo kalenda nyingi za ukutani huonyesha, aweza akiwa Lubumbashi kujua ni saa ngapi ataogelea Jambiani. Kanuni hiyo ni ya kukadiria tu. Kabla ya kutembea mbali juu ya mchanga uliopwa inapasa kumuuliza mvuvi, maana maji ya bamvua hurudi kwa kasi na huanza kwa kujaza mikondo iliyo nyuma ya mtembeaji.

4. Saa, siku na mwezi wa mfungo

Saa zilizotajwa hapo juu ni za Kiswahili: saa nne asubuhi ni ile iandikwayo 10.00 kwenye tiketi. Anayejua saa kwa Kifaransa tu aweza kupotoka kwa saa sita. Tiketi za meli na ndege huandikwa kwa hesabu ya kimataifa, lakini mchukuzi, dereva na mwenye nyumba ya wageni watataja hesabu ya jua. Zaidi ya hayo, saa ya Unguja imetangulia ya Lubumbashi kwa saa moja. Njia salama ni kutaja sehemu ya siku daima: asubuhi, mchana, alasiri, usiku.

Siku nazo zina mtego wake. Katika sehemu nyingi za Kongo siku huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya kazi, hata «siku ya tatu» ikawa katikati ya juma. Pwani hesabu huanza baada ya Ijumaa, siku ya sala: Jumamosi ni ya kwanza, na Jumatatu, ambayo jina lake lina «tatu», ndiyo siku ya kwanza ya kazi. Anayeagiza chumba «kwa siku ya tatu» huenda akakipata siku mbili kabla hajafika.

Jambo la mwisho la kalenda ni Ramadhani. Wakazi wengi sana wa Unguja ni Waislamu. Katika mwezi huo migahawa mingi ya wenyeji hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani ni kukosa adabu. Usiku, kinyume chake, mji huchangamka. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka: mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na katika mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na Desemba.

5. Njia, vyeti na fedha

Njia za nchi kavu zina uzuri wake, lakini hazimfai mwenye siku sita. Reli ya TAZARA, kutoka Kapiri Mposhi nchini Zambia hadi Dar es Salaam, ina urefu wa kilomita 1,860. Ile ya Kigoma, inayomfaa mtu avukaye ziwa kutoka Kalemie, ina zaidi ya kilomita 1,200. Kwenda na kurudi kwa njia hizo kungemaliza likizo yote. Hubaki ndege hadi Dar es Salaam au Unguja yenyewe. Kutoka Dar es Salaam meli ya kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi.

Cheti kimoja hakina haraka ya kununuliwa: kile cha chanjo ya homa ya manjano, kinachodaiwa kwa anayetoka Kongo. Chanjo huanza kuhesabiwa siku ya kumi baada ya kudungwa. Atakayechanjwa wiki ya safari atakuwa na kijitabu, lakini hakitakuwa na nguvu. Aliyekwisha kuchanjwa hana haja ya kurudia, kwa kuwa tangu Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote. Tangu Oktoba 2024 mgeni atokaye nje ya Tanzania anatakiwa pia kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Bei kwa mtu mzima ilipangwa kuwa dola 44. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Hata hivyo kanuni za viza na ada huthibitishwa na ubalozi pekee, wala si kwa masimulizi ya waliosafiri zamani.

Kuhusu fedha, Mkongo aliyezoea kulipa kwa dola hata sokoni atabadili desturi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2025 zinataka bei za ndani zitajwe na kulipwa kwa shilingi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na yafaa iachwe nyumbani. Mavazi hayana taabu: mwanamke wa Katanga aliyevaa kikwembe chake amevaa kwa heshima inayotakiwa mjini.

6. Salamu

Kongo ya mashariki na Katanga watu huamkiana «Jambo» na kujibiwa «Jambo sana». Ni salamu ya kweli, yenye adabu. Unguja neno hilo peke yake limekuwa la kuwaitia watalii, wenyeji kwa wenyeji husema «Hujambo?» na «Sijambo», au hutoa salamu ya Kiislamu, na mdogo humwambia mkubwa «Shikamoo» akajibiwa «Marahaba». Basi Mkongo aamkiapo kwa desturi ya kwao, hujibiwa kwa Kiingereza, na bei hupandishwa. Hapo ndipo wengi huumia: wamekuja mahali walipopaita nyumbani kwa lugha yao, nao wamefanywa wageni kwa neno la kwanza.

Hakuna sababu ya kuona haya. Kiswahili cha Kongo hakikuharibika njiani. Kilifuata njia yake. Kililetwa na wangwana, wachukuzi na wafanyabiashara wa misafara, ndiyo maana sehemu yake iliitwa Kingwana. Kinachotakiwa ni kuongeza tu: «Hujambo» badala ya «Jambo», «Shikamoo» kwa wazee, «Hodi» mlangoni, na «Naomba» mbele ya kila haja. Maneno manne hayo hugeuza safari.

7. Mfano wa siku sita

Achukuliwe mwalimu wa Lubumbashi aliyepata siku sita mwezi wa Agosti, na siku ya tatu ya safari ni ya mwezi mpevu. Siku ya kwanza ni ya ndege na meli. Alale Mji Mkongwe. Siku ya pili atembee mji huo kwa miguu, nao umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Mahali pawili hapafai kukoswa na Mkongo. Pa kwanza ni nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887 na kufariki Unguja mwaka 1905. Pa pili ni Mkunazini, ambapo kanisa kuu la Waanglikana limejengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Wengi waliochukuliwa kutoka bara, Manyema pamoja nayo, walishushwa pwani hiyo. Njia iliyopandisha lugha ndiyo iliyoteremsha watu. Anayesafiri kwa lugha hiyo yafaa alijue hilo kabla ya kwenda kuogelea.

Siku ya tatu aende Paje au Jambiani, mwendo wa kilomita 50 hivi, akipitia msitu wa Jozani penye kima punju, mnyama asiyepatikana kwa asili popote nje ya Zanzibar. Siku ya nne maji yatapwa karibu saa tano asubuhi: ni wakati wa kutembea mchangani na kuwaona wakulima wa mwani, kwa ruhusa yao, kuogelea kutangoja karibu saa kumi na moja jioni. Siku ya tano saa hizo zitasogea tena, na kabla ya saa sita adhuhuri atembee na mvuvi. Siku ya sita arudi, akiacha nafasi ya nusu siku kabla ya ndege, kwa kuwa kusi huchafua bahari na meli huchelewa.

Hitimisho

Mpango mzuri wa safari fupi, basi, hufuata utaratibu: kwanza mwezi wa mwaka, kwa sababu ya pepo na mvua, kisha mwezi wa angani, kwa sababu ya maji, kisha vyeti, chanjo ikitangulia, mwisho saa na salamu. Methali yasema: Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Msafiri wa siku sita hupita kiwango hicho, na jembe lake ni lugha.

Walimu wa Kiswahili wa Kongo nao wana kazi hapa. Mwanafunzi anayefundishwa «kaskazini», «kusini» na «pwani» kama majina ya ramani tu amepewa maganda. Akionyeshwa kiambishi «-ni» na upepo au maji yaliyomo ndani ya neno, atajifunza sarufi na jiografia kwa mara moja. Na siku atakapokwenda baharini, hata kama ni kwa siku sita, ataikuta bahari aliyokwisha kuisoma.